Siku Niliyomshona Korongo

Mama alinipigia simu saa moja asubuhi, nikiwa bado nafagia mbele ya duka langu la kushona sare za shule mjini Kitale, akaniambia niache kila kitu niende nyumbani kwa sababu amepata ndege wa mtu. Nilidhani ni kuku. Kuku wa majirani huingia kwetu mara kwa mara, na mama ana mtindo wa kuwafungia jikoni mpaka mwenyewe aje aombe msamaha. Nikamwambia amfungulie aende. Akasema hawezi kwenda, amekufa. Nikamwambia basi amzike. Mama akasema, kwa ile sauti anayosomea matangazo kanisani, kwamba ndege huyo amevaa pete.

Nikachukua bodaboda.

Shamba la mama liko upande wa barabara ya kwenda Suam, ekari mbili ambazo nyaya za stima zimepita katikati. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mistari ya mahindi, mwavuli mkononi, na kando yake kuna kitu kirefu kilichofunikwa leso. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, mahindi yametoka ardhini urefu wa kidole tu, kwa hiyo hakukuwa na mahali pa kumficha mtu anayekesha na maiti ya ndege. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wakitazama. Mama akainua pembe ya leso polepole.

Alikuwa korongo, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona yeyote kwa karibu. Mwili mweupe, mbawa nyeusi pembeni, mdomo mwekundu na miguu mirefu ya rangi hiyo hiyo. Manyoya ya ubawa mmoja yalikuwa yameungua, na nyaya zilikuwa juu yetu kabisa, kwa hiyo kilichomuua hakikuhitaji mpelelezi. Lakini kwenye mguu wake, juu ya goti, kulikuwa na pete nyeusi ya plastiki yenye herufi na tarakimu nyeupe, zimepangwa vizuri kama za gari.

"Huyu iko na mwenyewe," mama akasema. "Huoni ameandikwa?"

Nilijaribu kumweleza kwamba hao ni ndege wa mwituni, huja na kwenda zao. Hakukubali. Ng'ombe aliye na hereni sikioni ana mwenyewe, alisema, na hereni hiyo hakujivika. Huyu naye hakujivika pete. Kuna mtu mahali fulani ambaye jioni hiyo angehesabu ndege wake akose mmoja, na huyo mtu akisikia kwamba mzoga ulipatikana kwa mjane fulani wa Trans-Nzoia, atafikiria nini? Mama hakuwa anatania. Alikuwa ameamka na mzigo wa mtu mwingine shambani mwake, na hangelala mpaka aurudishe.

Nikapiga simu kwa ofisi ya wanyamapori. Mchana akaja afisa mmoja kwa pikipiki, mtu mpole mwenye glavu mfukoni, akamgeuza korongo, akampiga picha, akaandika zile tarakimu. Akatueleza kwamba pete kama hizo huwekwa na watafiti, na kwamba kule Bungoma kuna chuo kikuu chenye makumbusho madogo ya viumbe, ambayo hupokea ndege wa namna hiyo na kufuatilia walikotoka. Angempeleka mwenyewe, ila hangepata safari ya kule kabla ya wiki ijayo, na kufikia wakati huo korongo angekuwa ameshaanza kujitangaza. Mama akamwambia aandike tu karatasi ya ruhusa. Sisi tungempeleka kesho.

Akaandika, akatuachia na glavu.

Ilibaki kumhifadhi mpaka kesho yake. Mwenye bucha jirani na duka langu ni mtu wa kanisa letu, na ana friza kubwa nyuma ya duka, kwa hiyo nikamwendea nikamweleza shida. Alikubali kwa sharti kwamba tumfunge kwa karatasi za plastiki tabaka tatu, na kwamba nisimwambie mtu yeyote mpaka siku nitakayokufa. Nimevumilia mpaka leo. Asubuhi alinirudishia mzigo kupitia mlango wa nyuma, akitazama huku na huku, akasema mke wake alifungua friza kutafuta matumbo akakutana na mguu mwekundu, na tangu hapo hajamsemesha.

Binamu yangu hupeleka viazi sokoni Bungoma kwa pikapu. Tukapatana atubebe. Nilipofika stendi na korongo ndani ya gunia, nikamkuta mama ameshafika, amevaa lile gauni lake jeusi, sweta, viatu vya kufunga, na kofia yenye utepe. Zilikuwa nguo za matanga. Nikamuuliza kwa nini, akasema hujui mwenyewe wa marehemu atakuwa ni mtu wa namna gani. Tukaweka gunia nyuma, juu ya viazi, miguu ya korongo ikichungulia nje kwa sababu hakuna gunia lililoshonwa kwa ajili ya miguu ile, tukaondoka. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa, na wakati huo wote mama alikuwa anafanya mazoezi ya maneno atakayoyasema.

Kwenye geti la chuo askari alitusimamisha akauliza tumebeba nini. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mkoba nitoe ile karatasi.

"Ni maiti," mama akamjibu kutoka kiti cha mbele. "Tumetoka naye Kitale."

Askari akamtazama mama, akatazama kofia, akatembea mpaka nyuma ya gari. Alikaa huko muda mrefu kidogo. Aliporudi dirishani alikuwa amevua kofia yake mwenyewe.

"Na mwenyewe ni nani?" akauliza.

"Hiyo ndiyo tumekuja kuuliza," mama akasema.

Hapo ndipo mimi nilipoanza. Lazima niseme kwamba kwetu kuna ugonjwa wa kicheko, na umetoka upande wa mama. Hauna sauti. Mabega hutikisika, machozi hutoka, magoti hulegea, na mgonjwa hawezi kusema jambo lolote la maana mpaka umalizike. Mama mwenyewe alikuwa bado mzima wakati huo, amekaa wima, anashangaa kwa nini nimeinamisha kichwa kwenye dashibodi. Binamu yangu ndiye aliyetoa karatasi akatuombea njia. Akatushusha mbele ya jengo la baiolojia, akaahidi kurudi jioni baada ya kuuza, akatoroka.

Makumbusho yalikuwa vyumba viwili vya chini, mwisho wa korido, mlango wa kijani ulioachwa wazi. Ndani kulinuka dawa ya nondo na mbao za zamani. Mama akasimama kizingitini akapiga hodi. Hakujibiwa. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na nilipochungulia juu ya bega lake nikaona alikuwa anampigia hodi chui.

Alikuwa chui wa kweli, au aliwahi kuwa, amesimama kwenye jukwaa la mbao kama hatua sita kutoka mlangoni, mdomo wazi, mguu mmoja mbele. Mama hakukimbia. Alifunga vifungo vyote vya sweta yake, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayejiandaa kwa baridi kali. Kisha akaniambia kwa Kibukusu, bila kugeuka, kwamba nitangulie mimi kwa sababu yeye ameshaishi vya kutosha na hana haja ya kuona kila kitu.

Nikatangulia. Na nilipomkaribia yule chui nikaona vitu viwili. Cha kwanza, kwa sababu ni kazi yangu, nikaona mshono. Tumbo lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu, hatua pana za kushonea gunia, na mahali pengine ngozi imevutwa mpaka madoa ya upande mmoja yamekutana na madoa ya upande mwingine yakapandana. Cha pili, jicho lake la kushoto lilikuwa la manjano, kali, jicho la chui. La kulia lilikuwa gololi. Gololi ya watoto, ile ya kioo yenye mzunguko wa kijani ndani.

Nikamwonyesha mama. Akasogea, akatazama jicho moja, akatazama la pili. Chui yule alikuwa na sura ya mzee aliyeambiwa bei ya sukari. Mama akashika nguzo. Nikaona mabega yameanza, nikajua tumekwisha.

Katika hali hiyo ndipo mtunzaji wa makumbusho alipotukuta: mwanamke mmoja mwenye nguo za matanga ameshikilia nguzo analia machozi, mwingine amekaa sakafuni kando ya gunia lenye miguu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, koti lake jeupe la maabara limemzidi mikono kwa inchi mbili. Akadhani tumefiwa. Akasema pole sana. Neno hilo likatuongezea ugonjwa, kwa hiyo ilichukua muda kabla hatujaweza kumpa ile karatasi.

Alipofungua gunia, zamu ya kufurahi ikawa yake. Alichuchumaa, akashika ule mguu wenye pete kwa vidole viwili, akasoma tarakimu kwa sauti ya chini, akasoma tena. Akatuambia amefanya kazi pale miaka minne na hajawahi kuletewa ndege mwenye pete. Akatoa simu akapiga picha pete, akapiga picha mdomo, akatupiga picha na sisi. Akamwita mama kukhu, yaani nyanya, akamwuliza alimpataje. Mama akakumbuka kilichomleta. Akanyoosha gauni, akasimama kama shahidi mahakamani, akasema yale maneno aliyoyafanyia mazoezi tangu Kiminini: kwamba hakumuua, kwamba stima ndiyo imemuua, kwamba alimkuta asubuhi akamfunika, hakung'oa hata unyoya mmoja, na kwamba anaomba mwenyewe ajulishwe.

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda. Akamwambia kuna watu nchi za mbali ambao huwavika ndege hawa pete wakiwa makinda, ili wajue wanakoenda. Ataandika barua pepe leo hii, na wao watajibu.

"Kwa hivyo sitashikwa," mama akasema.

"Hapana, kukhu. Utashukuriwa."

Mama akafungua vifungo vya sweta.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Wakati kijana anatayarisha meza kwenye chumba cha nyuma, mama alitembea makumbusho yote, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Alikutana na fuko ndani ya kabati la kioo, amekaushwa, amewekewa kibao chenye jina refu la Kilatini, na akasimama hapo kwa mshangao wa kweli. Maisha yake yote amepigana na mafuko wanaomlia viazi vitamu. Kwamba mtu alisoma mpaka chuo kikuu, kisha akamchukua fuko akamwekea taa, ilikuwa habari mpya. Akamtazama kwa muda, akasema, kwa haki, kwamba akiwa msafi si mbaya.

Karibu na dirisha kulikuwa na fuvu la tembo, kubwa kama jiko, na tundu moja kubwa katikati ya uso. Mama akaita kijana aje amweleze ni ugonjwa gani ulimfanya tembo huyu awe na jicho moja. Akaelezwa kwamba tundu hilo ni la mkonga, macho yalikuwa pembeni, hapa na hapa. Mama hakuamini mpaka akaruhusiwa kuingiza mkono. Akaingiza mpaka kwenye kiwiko, kofia bado kichwani, akakubali. Kijana akasema tembo huyo alitoka Mlima Elgon, na kwamba tembo wa huko huingia mapangoni kuchimba mawe ya chumvi kwa pembe zao mpaka zinaisha. Mama akasema hilo analijua. Alipokuwa msichana yeye na nyanya yake walikuwa wakipanda kuchimba chumvi hiyo hiyo kwa ajili ya ng'ombe, na kuna siku waliingia ndani sana wakasikia gizani kitu kinapumua. Hawakuuliza ni nani. Waliacha hata kikapu.

Kijana akatafuta daftari. Akamwomba arudie pole pole, na mama akarudia, na safari hii tembo walikuwa wanne.

Kazi ya meza ilianza saa nne. Korongo alikuwa ameyeyuka njiani, kwa hiyo aliweza kuchunwa. Tulipewa barakoa na viti karibu na mlango, tukaambiwa tunaweza kutoka tukisikia vibaya, lakini mama amechinja kuku tangu kabla kijana yule hajazaliwa na mimi sikutaka kukosa hata dakika. Alifanya kazi vizuri. Alipasua mstari mmoja kutoka kifuani mpaka karibu na mkia, akaingia na vidole, akaitenganisha ngozi na nyama kama mtu anayevua soksi iliyolowa, akinyunyiza unga mweupe wa dawa kila mara. Alipofungua tumbo aweze kuandika alichokula, akatoa kwa kibano viwavi. Akatoa wengine. Akawapanga kwenye sahani, akawahesabu mpaka akachoka kuhesabu.

Mama akasogea na kiti chake. Walikuwa viwavijeshi, wale wanaokula mahindi yakiwa machanga, na kila mkulima wa kwetu anawatambua hata gizani. Walikuwa bado wabichi, wa asubuhi ile aliyokufa.

"Hawa ni wa shamba langu," akasema. Akawatazama sana. "Alikuwa ananilimia, na mimi nimelala."

Hakucheka aliposema hivyo. Akavua kofia akaiweka magotini.

Kufikia saa saba ngozi ilikuwa safi, waya umepita miguuni na shingoni, na mwili wa bandia wa nyasi kavu na pamba umefungwa vizuri kwa kamba. Wanafunzi walikuwa wamesikia habari, wamejaa mlangoni. Hapo kijana akachukua sindano, na mara moja nikajua nani alimshona yule chui. Alishika sindano kama peni. Alichoma kutoka nje, akavuta, na ngozi, ambayo ilikuwa nyembamba kama gazeti lililoloa, ikaanza kuchanika. Manyoya mawili yakaingia ndani ya mshono. Akafumua, akajaribu tena, jasho likimtoka. Akatuambia, bila kuinua kichwa, kwamba fundi aliyekuwa akifanya kazi hii alistaafu na hajaletwa mwingine, na yeye kusema kweli alisomea nyoka, na nyoka huwekwa kwenye chupa tu.

Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeikalia kabisa. Miaka kumi na tisa nimeshona kola, pindo, mifuko na zipu, na hakuna adhabu kubwa kuliko kutazama mtu akishona vibaya.

"Mpatie huyu," mama akamwambia, akinionyesha kwa kidole. "Huyu hushona."

Kijana akasema ahsante, lakini kazi hiyo ina taratibu zake, huwezi kumpa mtu yeyote. Mama akamwambia hata chui alikuwa na taratibu zake. Wanafunzi wakaangua kicheko. Kijana akatazama sindano, akatazama korongo, akatazama mlango wa chumba kile kingine ambako chui alikuwa amesimama na jicho lake la gololi. Kisha akavua glavu akasogea pembeni.

Nikanawa, nikavaa glavu, nikaangalia uzi aliokuwa nao. Ulikuwa wa kuvulia samaki, mgumu, ungekata ngozi. Kwenye mkoba wangu huwa sikosi uzi, kwa sababu wazazi hunisimamisha popote na vifungo vilivyokatika. Siku hiyo nilikuwa na wa rangi ya damu ya mzee, wa sweta za shule moja, na mweupe wa kola. Nikachukua wa kola. Nikauloweka, nikauvuta, nikatunga sindano nyembamba kuliko zote. Ngozi ile ilinitaka nishone kutoka ndani, nipite upande huu na upande ule kwa hatua fupi, nisivute mpaka zimefika hatua sita au saba, halafu nivute zote pamoja taratibu mpaka ukingo ukutane na ukingo. Sisi mafundi tunauita mshono wa kuficha. Manyoya niliyatenganisha kwa mkono wa kushoto, unyoya kwa unyoya, na kila nilipovuta uzi yalilala tena juu ya mshono yakaufunika.

Sijui nilikaa muda gani. Najua kwamba kelele za mlangoni zilikwisha, na kwamba kijana alikuwa ameinama karibu nami mpaka koti lake lilinigusa, akiuliza maswali kwa sauti ndogo, na mimi nikimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi wangu dukani. Najua nilikuwa na furaha ya kipumbavu, inayopanda kutoka tumboni, mpaka nilikuwa naogopa kufungua mdomo nisije nikacheka juu ya marehemu. Niliacha shule kidato cha pili. Sikuwahi kufikiria kwamba siku nitakayoingia chuo kikuu watu wataacha masomo waje kutazama mikono yangu.

Nilipofika mkiani nikafunga fundo, nikalificha, nikakata. Kijana akapitisha kidole kifuani mwa korongo, kutoka juu mpaka chini, akitafuta mshono. Akarudia. Akamwita mwanafunzi mmoja aje autafute, naye hakuuona.

Tukamsimamisha kwenye ubao. Alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele kidogo, shingo imenyooka, na kwa sababu kijana alikuwa na macho ya kioo mapya kwenye boksi, mawili, yanayolingana, korongo alitutazama kwa heshima. Mama akampigia makofi. Wanafunzi nao wakapiga. Mmoja akaomba kupiga picha na mama, halafu wote wakataka, na mama akasimama kati yao amevaa kofia yake, akiuliza kila mmoja anasomea nini na mama yake ni wa wapi, mpaka akapata msichana mmoja wa Malakisi ambaye walihesabiana ukoo wakajikuta ni jamaa.

Kadi ya kufungwa mguuni iliandikwa mbele yetu, kwa kalamu nyembamba. Tarehe, mahali, kilichomuua, kilichokuwa tumboni. Kisha: ameokotwa na. Mama akatoa majina yake yote matatu na kutaka ukoo uongezwe, lakini kadi ilikuwa ndogo. Chini ya hapo kijana akaandika: ameshonwa na, akaniuliza jina langu. Nililisahau. Mama ndiye aliyemtajia.

Binamu yangu alipokuja kutuchukua hakuelewa kitu. Mama na mimi tulikuwa tunaongea wote wawili kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, na kila tulipotulia mmoja wetu alitaja neno gololi tukaanza upya. Alituuliza kama chuoni tulipewa kitu cha kunywa.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Kijana alinipigia simu dukani, nikaweka spika, nikamwita mama aliyekuwa amekuja mjini kununua mbolea. Korongo alikuwa amevikwa pete Poland, akiwa kinda, kwenye kiota kilichojengwa juu ya paa la zizi la ng'ombe. Tangu hapo alikuwa amekuja upande huu wa dunia na kurudi, kila mwaka, miaka saba. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Lililomgusa zaidi lilikuwa zizi. Kwa hiyo mwenyewe alikuwa mfugaji, mtu anayeamka asubuhi kukamua, mtu ambaye angeelewa. Akamwambia kijana aandike barua ya rambirambi. Akaitamka yote hapo hapo, juu ya cherehani yangu, polepole, ili kijana apate kuiandika kwa Kiingereza: kwamba ndege wenu alifika salama, kwamba alikufa ghafla bila kuteseka, kwamba alifanya kazi mpaka asubuhi ya mwisho, na kwamba tumemsitiri vizuri, binti yangu ndiye aliyemshona.

Wale watu walijibu kwa picha. Kiota juu ya paa, theluji imekijaa, na chini yake mzee mmoja aliyevaa buti amesimama kando ya ng'ombe. Mama aliikuza ile picha kwa vidole akamchunguza ng'ombe. Akasema amekonda, lakini kwa baridi ile anajitahidi.

Kijana wa makumbusho hunipigia sasa kila akiwa na kazi. Naenda Bungoma mara moja kwa mwezi, siku ya Jumatano ambayo duka huwa halina watu, na wananilipia nauli na chakula cha mchana kwenye kantini. Nimeshona sungura wawili, bundi mmoja na nguchiro aliyegongwa na lori. Wakati mwingine kazi hubaki na kijana hunipa niimalizie Kitale. Juzi mzazi mmoja alikuja kuchukua sketi ya binti yake, nikamwomba arudi kesho kwa sababu nilikuwa nimekwama kwenye mkia wa mbega. Akaangalia cherehani, akaangalia ule mkia mweupe uliokuwa umelala mapajani mwangu. Kisha akavuta stuli akakaa, akaniuliza kama mimi ndiye yule mwanamke wa korongo.